Nilivyoifufua pikipiki ya theluji kwa kuongozwa na fundi wa boti

Niliinunua mtumba kwa dola 700, mwezi wa Oktoba, kabla theluji haijaanguka hapa Duluth, Minnesota. Ni pikipiki ya theluji ya 1997: skii mbili mbele, mkanda mpana wa mpira wenye meno nyuma, injini ya tu-stroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) ya silinda mbili, cc 440, inayopozwa kwa feni. Haina betri, unavuta kamba kama jenereta. Mwenyewe aliivuta mara moja tu ikawaka, nami nikatoa hela. Sikujiuliza kwa nini nilipofika injini ilikuwa tayari ya moto.

Desemba, baridi ikiwa nyuzi 22 chini ya sifuri, niliivuta ile kamba hadi bega likalegea. Ilipowaka ilinguruma juu yenyewe bila mimi kugusa akselereta, kisha ikazima. Gereji niliyouliza ilinitajia gharama ya kufungua injini ambayo ilizidi bei ya mashine nzima. Nikampigia mjomba wangu Tanga. Anatengeneza mashine za boti tangu sijazaliwa, na theluji ameiona kwenye televisheni tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Plagi umefungua?"

Sikuwa nimefungua. "Sasa unanipigia ya nini? Zifungue, ziweke kwenye kamera nizione."

Moja ilikuwa ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili nyeupe kama chaki. Mjomba hakusubiri hata niisogeze karibu. "Hiyo nyeupe silinda yake inakula hewa tupu, mafuta haipati. Usiivute tena, utatoboa pistoni. Teremsha kabureta." Akaniuliza oili nachanganya kiasi gani, maana kwenye boti zake ni lita moja kwa hamsini za petroli. Nikamweleza kwamba hii ina tanki la oili peke yake na pampu inayochanganya. Akaguna. Pampu haziamini mpaka leo.

Kabureta ziko mbili, kila silinda na yake. Ya plagi ya kahawia ilikuwa safi. Ya pili, nilipofungua bakuli lake la petroli, nikakuta utando wa kijani unaonata na harufu ya vanishi. Petroli ya huku huwa na ethanoli, nyingi yake asilimia 10, na ikikaa miezi bila kutumika inaoza ndani. Jeti ya mwendo mdogo, inayopitisha petroli injini ikizunguka polepole, ni kijishaba kama punje ya mchele, na tundu lake hata sindano haipiti. Niliielekeza kwenye taa, giza. Nikailoweka usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha nikachomoa unywele mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme nikaupitisha polepole, kwa sababu mjomba alinikataza chuma kigumu kisije kikapanua tundu. Nilipoielekeza tena kwenye taa nikaona nukta ya mwanga. Nilipiga kelele mke wangu akaja mbio akidhani nimejikata.

Ikawaka kwa mvuto wa tatu. Lakini mngurumo wa juu ukabaki. "Nyunyizia maji kwenye mpira ulio kati ya kabureta na injini," mjomba akasema. Nilifungua mlango wote wa gereji yangu ya nyumbani, baridi au isiwe baridi, maana moshi wa ekzosi kwenye chumba kilichofungwa unaua kimyakimya. Maji yalipogusa mpira wa kushoto mlio ukabadilika palepale. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba upande wa chini, usioonekana mpaka uukunje. Spea yake haikufika dola 30.

Beliti ndiyo iliyonifundisha peke yangu, kwa sababu boti haina. Mashine hii haina gia. Beliti moja inapanda na kushuka kati ya klachi mbili, kama kwenye skuta. Yangu ilikuwa imekwisha upana na kung'aa pembeni, nikaona itafika mwisho wa msimu. Ilikatika porini, jua linazama. Tangu siku hiyo ya akiba haitoki chini ya boneti, na mpya naiendesha taratibu kilomita hamsini za kwanza.

Nilichoongeza kwa raha yangu ni vishikio vya usukani vinavyopata moto, na hapo sijutii hata senti. Taa ya LED, hiyo nilikurupuka. Umeme wa mashine hii unatoka moja kwa moja kwenye koili za injini, unapandashuka, na taa ikawa inapepesa kama ya disko nikisimama, hadi nilipoweka kifaa cha kuunyoosha umeme. Cha maana zaidi kilikuwa vile vyuma vya springi vinavyokwaruza barafu na kurushia mkanda unga wa theluji. Plastiki ambazo mkanda unatelezea juu yake hupozwa na theluji hiyo; ukipita barafu tupu isiyo na theluji zinayeyuka, na zangu za kwanza ziliyeyuka hivyo.

Aprili, msimu ulipokwisha, niliimwaga petroli yote iliyobaki ndani ya mabakuli ya kabureta, nikapulizia oili ndani ya silinda, nikapaka grisi kila kiungo, nikaziba mdomo wa ekzosi kwa steliwaya ili panya wasijenge. Kisha nikamtumia mjomba video ya Februari, niko juu ya ziwa lililoganda, pikipiki pembeni, navuta samaki kwenye tundu. Akajibu kwa sauti: "Kumbe ni boti tu. Na ile plagi ya pili, sasa ina rangi gani?"