Mama watoto kwenye karatasi ya hesabu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeaibishwa na karatasi, tena ya daftari la hesabu.

Huku kwetu Kigoma ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka hivi taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mama watoto haendi mwaloni Kibirizi kununua dagaa wa kuanika na kuuza. Basi jioni moja binti yetu wa kidato cha pili akamchora kwa penseli: mama mkekani, miguu kainyoosha, shati la shule mapajani, sindano kaichomeka kwenye kanga begani, macho kayafumba, vidole kavikunja kimoja kimoja. Nyufa za kisigino zimo zote. Na ule mwanga usoni ni karatasi tupu. Mtoto kauzungushia giza tu, penseli haina weupe wake.

Alhamisi nikaibeba kwenye ibada ya nyumbani kwa jirani. Nikaiinua juu: "Mtazameni mwanamke wa maombi! Taa yake haizimiki usiku!" Wakaitika amina. Mwenyewe alikuwa kakaa nyuma, kimya.

Njiani akaniambia, "Baba, sikuwa naomba. Nilikuwa nahesabu ile hela yangu ya mtaji uliyonunulia tairi la pikipiki."

Nilikosa la kujibu. Vidole nilivyovihubiria vilikuwa vinahesabu deni langu!

Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alimchora mama yake kwa mkaa mwaka 1514. Mama wa miaka 63, kazaa watoto 18, mifupa ya shingo imetokeza, na mwanawe hakumfichia kunyanzi. Miezi miwili baadaye mama akafariki. Yule alimtazama mama yake. Mimi wa kwangu nilimgeuza malaika, kwa sababu malaika hadai.

Ndugu zangu wanaume, niwaseme kidogo, nami nikiwemo. Mithali 31 tunaipenda sana kwenye harusi. Tunasoma anavyoamka usiku haujaisha, tunafika "mwanamke amchaye Bwana", tunafunga Biblia. Mstari wa mwisho je? "Mpeni mapato ya mikono yake." Mpeni! Kusifu kumo pia, lakini kutoa kumetangulia. Na wewe unayesoma hapa unajua hela ya kikoba uliyoiazima tangu Pasaka. Unajua alivyotoka saa kumi alfajiri na beseni kichwani, akaanika juani, akageuza, mvua ikatishia akakimbia kuanua, na jioni ukamwambia "nipe, nitarudisha". Rudisha, mpendwa. Usimwekee mikono kichwani kumwombea kabla hujaweka kitu mkononi mwake.

Juzi nimempa elfu ishirini. Kaihesabu kwa vidole vile vile, kaifunga kwenye pindo la kanga, kasema, "Bado thelathini." Giza likirudi ziwani atahitaji mtaji kamili. Niombeeni, na mwenye mzigo wa kubebwa na pikipiki anipigie.