Kiangazi changu cha kafi katika visiwa vya Stockholm

Mtu wa pwani akija Sweden hudhani bahari anaijua. Nilikulia Mikindani na ngalawa nimezipanda tangu utotoni, lakini nilipoingia Baltiki, bahari ya huku, kwa kayaki, kile chombo chembamba cha kupiga kafi, ilinirudisha darasani kwa mambo mawili: baridi na upepo. Nguvu za mikono zilikuja zenyewe.

Baridi kwanza. Mwezi Mei jua la Stockholm linaweza kukuvua shati huku maji hayajafika hata nyuzi 10. Ukipinduka humo pumzi ndiyo inayokatika mwanzo, na baada ya dakika kama kumi vidole havishiki kitu. Kwa hiyo unavalia maji, huvalii hewa: nguo nzito ya mpira mwilini, jaketi la kuelea juu yake, hata kama wenzako ufukweni wanakula aiskrimu. Nilijiunga na mafunzo ya jioni, na karibu muda wote tulikuwa tukipindua kayaki kwa makusudi: kuchomoka kichwa kikiwa chini, kumwaga maji, kurudi chomboni kwa msaada wa mwenzako, kisha peke yako kwa boya la kufunga kwenye ncha ya kafi. Kwenda kasi hakuna aliyetufundisha. Niliona ajabu, ila siku hizi ndiyo sehemu ya mafunzo ninayoisifu.

Julai tulitoka wawili, mimi na rafiki yangu wa Kisumu tunayefanya naye kazi. Kayaki tulikodi Nynäshamn, ambako treni ya kutoka Stockholm inafika mpaka karibu na bandari, tukapita visiwa vya Nåttarö na Rånö hadi kisiwa cha Utö. Ukihesabu na miamba mitupu, funguvisiwa hili lina visiwa karibu 30,000, kwa hiyo mara nyingi utapata kisiwa cha kukukinga, upande wa demani. Kila asubuhi nilisoma utabiri wa SMHI, idara ya hali ya hewa ya Sweden, upepo ukitajwa kwa mita kwa sekunde. Hadi 5 tulikwenda tulikotaka. Kuanzia 8 tulibaki hemani. Maji kupwa na kujaa huku hayaonekani, na kwa mtu aliyezoea kupanga siku kwa bamvua ni kama kunyang'anywa saa. Hata hivyo kina hubadilika kwa upepo na kanieneo ya hewa, kwa hiyo kayaki huvutwa juu kabisa usiku.

Kulala hakukutugharimu. Sweden ina haki ya kila mtu kutembea na kulala porini, nayo imetajwa katika katiba tangu 1994. Unapiga hema usiku mmoja au miwili, mbali na nyumba za watu, bila kuomba ruhusa. Visiwa vya ndege na sili vina mabango yake, na vingine huwezi hata kuvisogelea msimu wa kutaga. Moto hauwashwi juu ya mwamba kwa sababu mwamba hupasuka, na kiangazi kikiwa kikavu hupigwa marufuku kabisa. Sisi tulipikia jiko la spiriti, wali na tui la kopo. Kitoweo tulivua wenyewe, maana kwa ndoana pwani hii ni bure kwa yeyote. Tulipata abborre, samaki mwenye milia na mapezi mekundu, ambaye kwa kawaida ni wa maziwani. Anaishi humu kwa sababu chumvi ni kama gramu 6 kwa lita, wakati Bahari ya Hindi ina 35. Lakini msidanganyike, maji hayo hayanyweki. Tulijaza madumu kwenye pampu za visiwani.

Utö tulikaa zaidi. Pana mashimo ya mgodi wa chuma uliofungwa 1879, na ni katika jiwe la kisiwa hiki lithiamu iligunduliwa 1817, ile ile iliyomo kwenye betri ya simu niliyokuwa nikiibania chaji.

Kurudi bara kunataka kukata Mysingen, ghuba pana isiyo na pa kujificha. Mchana upepo ulikuwa 7, mawimbi yakitupiga ubavuni. Mwenzangu akasema, "Kaka, si unaona ng'ambo ile pale? Twende tu." Nikamwambia, "Ndugu yangu, jua la huku halina haraka, tungoje." Alinuna, akalala. Kwenye saa mbili usiku upepo ulianguka, tukavuka kwa karibu saa mbili na mwanga bado ukitosha kusoma ramani. (Kupanga sala ya Isha katika usiku usioingia giza ni habari nyingine.)

Mkienda, chanjeni mapema dhidi ya ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kupe, na jikagueni kila jioni, nyuma ya magoti hasa, kwa sababu kupe hao hao wana borelia, bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ambao chanjo hiyo haiuzuii. Mwakani nataka visiwa vya Sankt Anna, kusini zaidi. Mwenzangu amekubali, kwa sharti kwamba utabiri atausoma yeye.