Fiziolojia ya mimea niliielewa kwenye mikoko ya Kaole

Mwaka wa pili wa baiolojia chuoni ulinikutanisha na fiziolojia ya mimea, yaani jinsi mmea unavyofanya kazi ndani yake, somo ambalo wengi wetu tulilisoma kwa madesa usiku wa kuamkia mtihani. Mihadhara ni ya Kiingereza, na osmosisi tuliyoizoea tangu sekondari sasa ilikuja na milinganyo, herufi za Kigiriki na namba ambazo karibu zote zilikuwa na alama ya kutoa. Niliweza kuzikariri. Kumweleza mtu maana yake, hapana.

Kwetu ni Bagamoyo. Likizo ilipofika nilichukua daftari nikashuka kwenye mikoko ya Kaole, upande wa magofu, maji yakishapwa. Nilijiwekea utaratibu mmoja: kila mada niitafutie mti, na nisifungue ukurasa mwingine mpaka mti huo umenijibu.

Swali la kwanza lilinishika kuliko yote. Kwa osmosisi, maji hutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi, na lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Sasa mti uliosimama humo unakunywaje, wakati bahari ndiyo iliyopaswa kuunyonya?

Nilimuuliza mjomba, mvuvi wa kaa. Akasema, “Lamba jani la mchu, mwanangu, kisha lamba la mkoko.” Hizo ni aina mbili za miti ya mikoko. La mchu lilikuwa na chumvi kali juu yake, la mkoko halikuwa nayo. Mchu huruhusu chumvi kiasi iingie, halafu huitoa kwa tezi za majani. Jua likiwaka unaziona chembe nyeupe. Mkoko huizuia mizizini, zaidi ya asilimia 90. Lakini kuyachuja maji hivyo kunataka nguvu, na nguvu hiyo inatoka juu: majani yanapopoteza maji kwa jua, huyavuta yaliyo chini, na utomvu wa kwenye mishipa hukaa umevutwa muda wote. Ile alama ya kutoa ndiyo inayosema hivyo! Mwaka 1965 mtafiti Scholander na wenzake waliupima mvutano huo kwa chombo cha mgandamizo, na mikoko ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoipima. Nilifurahi sana kulijua hilo nikiwa nimesimama matopeni.

Mada nyingine zilikwenda haraka. Mizizi ya mchu iliyochomoza juu ya tope ilinifundisha upumuaji mahali pasipo na oksijeni. Miche ya mkoko, inayoota ikiwa bado juu ya mti, ilinifundisha uotaji. Yote niliichora kwa mkono, kwa sababu kuchora kunakulazimisha kutazama.

Genetiki haikukubali njia hii hata kidogo. Hiyo niliiweza kwa kukokotoa maswali na wenzangu. Ila kwa fiziolojia na ikolojia, anayesoma baiolojia akiwa wa pwani nampa ratiba hii: asubuhi maji yakipwa, daftari, penseli, na mada moja tu.