Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa dialisisi na uvimbe usioonekana

Saa 10:45 alfajiri. Kazi yangu ni dialisisi, kusafisha damu kwa mashine kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Wenzangu huanzia kwenye chai, mimi huanzia chumba cha maji. Kabla mgonjwa hajakaa kitini lazima nipime klorini na kloramini, kwa sababu mtu mmoja kwenye mashine kwa saa 4 hupitishiwa karibu lita 120 za maji, na kati ya maji hayo na damu yake kuna utando mwembamba tu wa chujio. Kloramini ikipenya hupasua chembe nyekundu za damu. Bakteria wenyewe hawapiti kwenye utando, ila vipande vya kuta zao, endotoksini, vinaweza kupita, na kinga ya mwili ikivigusa huamka kama imevamiwa. Fikiria jambo hilo mara 3 kwa wiki, miaka nenda rudi. Leo kipimo kiko chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Nasaini daftari.

Saa 12. Zamu ya kwanza. Uzito, presha, joto la mwili, sindano kwenye fistula, yaani mshipa wa mkononi ulioungwa kwa upasuaji ili upitishe damu nyingi. Wenye katheta, mrija uliochomekwa kwenye mshipa mkubwa, nawashika mwisho na kwa barakoa usoni, maana mrija ule una mlango ulio wazi hadi karibu na moyo.

Saa 2 asubuhi. Majibu ya vipimo vya mwezi yamefika, na hapa ndipo siku yangu huanza kweli. Mama wa kiti cha 4, mtu wa vichekesho, hemoglobini yake, kipimo cha wingi wa damu, imeteremka hadi 8.4. Mwezi uliopita tulimwongezea sindano ya eritropoietini, homoni inayoamuru mwili utengeneze damu. Mwezi wa kabla yake pia. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, iko juu, zaidi ya 900. Ukisoma haraka utasema ana madini ya chuma ya kutosha. Mimi nikiona feritini juu, albumini (protini ya damu) chini na damu isiyopanda, sifikirii chuma, nafikiria uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili iliyoamka na haitulii. CRP yake, kipimo cha damu cha uvimbe huo, ni 38, wakati kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 5.

Neno lenyewe linatusumbua. Ukimwambia mgonjwa ana uvimbe, ama anaogopa saratani ama anatazama miguu.

"Sista, mimi sijavimba. Ona," anasema, anainua shuka.

Namwambia huu ni moto wa pumba: huoni mwali, lakini unakula chini kwa chini. Ini likipata habari za moto huo hutengeneza hepsidini kwa wingi, na hepsidini hufungia chuma ghalani. Chuma kipo, ila uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, haukipati. Moto huohuo hupunguza hamu ya chakula, hukausha misuli na kuchakaza mishipa ya moyo, na wagonjwa wetu wengi huondolewa na moyo kuliko figo zenyewe.

Saa 3. Daktari anapita. Anataka kuongeza dozi tena. Kwa heshima zote, hilo hunikera: dozi kubwa sana ya eritropoietini ina hatari ya damu kuganda na kiharusi, na haizimi moto. Naomba tutafute chanzo kwanza. Anakubali, tena bila kununa.

Tunaanza kusaka. Katheta? Hana, fistula yake haina wekundu wala maumivu. Grafti ya zamani, mshipa bandia, iliyoziba ikaachwa mkononi? Hana. Figo iliyopandikizwa ikafa ikabaki tumboni? Hajawahi kupandikizwa. Kidonda mguuni? Namvua soksi mwenyewe, nachungulia hadi katikati ya vidole. Safi. Kikohozi, homa, jasho la usiku, hapana.

Halafu naona anatafuna biskuti upande mmoja tu.

"Mama, upande wa kulia una nini?"

"Aa, hilo jino nimeshalizoea."

Nawasha tochi. Fizi ni nyekundu, zinatoa damu nikizigusa kidogo tu, na magego mawili yanacheza. Sidai kwamba ndicho chanzo chote. Figo kushindwa kazi kwenyewe hukoleza uvimbe, sumu zinazobaki mwilini pia. Lakini hiki tumekiona kwa macho. Chuma anachodungwa mshipani tunakisitisha mpaka tujue kama kuna maambukizi.

Saa 4:15 anashuka mashineni.

Saa 7 mchana. Zamu ya pili, na mzee mwenye katheta anaanza kutetemeka nusu saa baada ya kuunganishwa. Meno yanagongana, joto linafika 39. Tunachukua damu ya kuotesha vijidudu, daktari anaandika antibayotiki, nakaa naye hadi mtetemeko unatulia. Uvimbe wa namna hii unapiga kelele na kila mtu anakimbia. Ule wa kiti cha 4 ulikaa miezi 3 tukiuongezea sindano.

Saa 11 jioni. Mashine zinajiosha kwa maji ya moto. Mama wa kiti cha 4 ananipigia: idara ya meno imempa nafasi Jumatano asubuhi. Natazama ratiba, Jumatano ni siku yake ya dialisisi, na atakuwa na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, mwilini. Aking'olewa jino atavuja damu hadi usiku. Napiga simu tena mwenyewe, wanasogeza hadi Alhamisi. Naandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: MENO, ALHAMISI. CRP IRUDIWE. DOZI ISIONGEZWE.