Nilivyoacha Kudundisha Ndege

Kwa miezi kadhaa nilijulikana uwanjani kama rubani anayetua mara nne kwa safari moja, na jina hilo nililistahili. Ndege yangu ni Cessna 172 ya zamani, pole na yenye kusamehe mengi, isipokuwa kuifikia ardhi kwa kasi iliyozidi. Rubani mmoja aliyenizidi uzoefu ndiye aliyenishauri niongeze kasi kidogo “kwa usalama”. Basi badala ya kuja na kilomita 120 kwa saa flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimeshushwa zote, nikawa naja na 140. Hakunieleza kwamba nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kilomita zile 20 ziliniongezea zaidi ya theluthi nzima ya nishati niliyopaswa kuimaliza kabla lami haijaisha.

Siku ya aibu yangu hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ndege ilielea mita moja juu ya lami, ikagoma kushuka, nami kwa kukosa subira nikausukuma usukani mbele. Gurudumu la mbele likatangulia kugonga, pua ikarushwa juu. Hapo nikakumbuka ushauri wa pili wa bwana yuleyule, kwamba ikidunda uikandamize, nikaikandamiza. Mdundo wa pili ulichomoa kalamu mfukoni mwangu. Wa tatu ulikuja na mkwaruzo wa chuma ambao hadi leo nikiusikia katika karakana yoyote nageuka. Niliposhuka nilikuta mguu wa mbele umepinda, na ncha za propela zimekunjika kama masikio ya mbwa. Propela ikigonga ardhi injini nayo hufumuliwa ikaguliwe, na ingawa bima ililipa sehemu, sehemu iliyobaki ilinitosha kusahau habari za likizo.

Aliyeniponya ni mwalimu mwingine, mama asiyependa maneno mengi, ambaye siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuwasha injini. Alinikalisha kwenye kiti changu, ndege ikiwa imeegeshwa, akaenda nyuma akakandamiza mkia, mahali penye fremu imara, mpaka gurudumu la mbele likanyanyuka. “Unaona nini?” akauliza kwa sauti. Nikamjibu kwamba kifuniko cha injini kimeniziba mbele, nimebakiwa na ukanda mwembamba wa majani upande wa kushoto. “Basi usiiache iguse ardhi kabla hujaona hivyo.” Kisha akanirusha juu ya barabara nzima ya kurukia, kimo cha mita moja au mbili, bila kutua, mara tano, macho yangu yakiwa mwisho wa barabara wala si mbele ya pua.

Juma lililopita upepo wa ubavuni ulinidundisha kidogo. Sikuikandamiza, niliipa injini nguvu zote, nikapandisha flapu hatua kwa hatua, nikazunguka upya. Yule mshauri wangu alikuwa amesimama mlangoni pa banda la ndege, akitikisa kichwa kwa mafuta niliyoyapoteza. Niliporudi, magurudumu ya nyuma yaligusa lami kwa mlio mfupi, na lile la mbele likabaki hewani mpaka lilipochoka lenyewe.