Siku moja maishani mwangu: nikijaza upya risasi za bastola za kikale

Saa 12 asubuhi nafungua karakana, nje kidogo ya Fort Worth, Texas. Wateja wetu ni watu wanaoshindana kulenga shabaha kwa silaha za karne ya 19, mchezo ambao chama chake kikubwa, Single Action Shooting Society, kilianzishwa mwaka 1987. Bastola zao si za zamani kweli. Nyingi ni nakala za Colt ya 1873 zilizoundwa Italia, hasa Gardone Val Trompia, na huja na mihuri ya kituo cha taifa cha kujaribia silaha. Bastola ni mpya, ila ganda la risasi yake, .45 Colt, umbo lake ni lile lile la miaka ya 1870. Kumbukeni hilo, maana mchana wangu wote umefungwa hapo.

Saa 1 natenga maganda. Yanaletwa kwenye ndoo yakiwa yamechanganyika, na ganda la .38 linaweza kujificha ndani ya la .45, kwa hiyo kila moja linapita mkononi. Yaliyotumiwa na baruti nyeusi, ile ya kizamani yenye moshi, yanajulikana kwa masizi. Hayo huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu mabaki ya baruti ile huvuta unyevu na kuila shaba. Yakikauka yanaingia kwenye pipa linalotikisika, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, hadi yang'ae. Kijana ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa Bukavu, bado hajayazoea magunzi hayo. "Kaka, wanayanunua kweli? Kwetu tunawashia moto!"

Saa 3 tunakagua nyufa, kisha kila ganda linasukumwa kwenye kalibu ili lirudi kipimo chake, maana likilipuliwa hutanuka. Ganda la .45 Colt limenyooka na halina usumbufu. La .44-40 ndilo lenye madeko: limebanwa kidogo karibu na mdomo, na shaba ya hapo ni nyembamba. Lipakwe mafuta, liingizwe taratibu, vinginevyo linakunjamana na kutupwa. Nalipenda hata hivyo.

Saa 5 ni zamu ya fataki, kile kikombe kidogo cha kitako kinachowasha baruti. Miwani inavaliwa bila majadiliano. Baada ya kuibandika napitisha kidole kwenye kitako, kwa kuwa fataki iliyochomoza hata kidogo huizuia silinda ya bastola, ile sehemu ya duara inayobeba risasi, isizunguke.

Mchana tunakula nje ya karakana, baada ya kunawa kwa sabuni hadi viwikoni. Vumbi la madini ya risasi halionekani, na likiingia mwilini halitoki upesi.

Saa 8 redio inazimwa na simu zinabaki kabatini. Ni saa ya baruti. Ganda la .45 Colt lilitengenezwa kubwa kwa sababu lilikusudiwa kubeba greni 40 hivi (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi, na baruti nyeusi hulijaza kabisa, wala haitakiwi kuacha nafasi tupu. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Kipimo chake huketi chini kabisa ya lile ganda pana. Ukikimimina mara mbili kwa kupitiwa, ganda linakipokea tu, halifuriki, halikuonyi. Onyo litatolewa na bastola, mkononi mwa mtu aliyekuamini.

Ndiyo maana tunatumia vibao vyenye matundu 50. Ganda likishapata baruti linahamia kibao cha pili. Hakuna linalokaa katikati. Kibao kikijaa namulika kwa tochi ganda moja moja, halafu kijana anamulika tena bila kuniuliza nimeona nini. Mtu akituita, kibao kizima kinamwagwa na kuanza upya. Kuna waliotengeneza baruti ya kupunguza hatari hii: Trail Boss ya kampuni ya Hodgdon, ambayo chembe zake zina tundu katikati ili ijaze nafasi. Miaka ya karibuni imeadimika madukani. Mimi huona macho mawili ya ziada yanafaa kuliko baruti yoyote.

Saa 9 na nusu tunakaza vichwa vya risasi. Ni vya madini laini yasiyovikwa shaba, kwa kuwa shabaha ni mabamba ya chuma yaliyo karibu, na ncha zake ni bapa. Wengine huzitumia pia kwenye bunduki ambazo risasi hukaa kwa mstari ndani ya bomba, na ncha kali ingeweza kuigonga fataki ya ile iliyo mbele yake.

Karibu na saa 11 anaingia mteja mgeni na nakala ya Colt Navy ya 1851. Hii haitumii maganda. Kila chumba cha silinda hujazwa baruti na goroli, sawa na gobore la kwetu, halafu fataki huvishwa kwa nyuma. Sheria ya silaha ya Marekani ya 1968 haiiweki kundi moja na bastola za kawaida, na wengi hudhani basi ni kitu cha kuchezea. Anataka baruti isiyo na moshi, eti hachukii kulenga, anachukia kuosha.

"Hapana, bwana," namwambia. "Hii ni ya baruti nyeusi au mbadala wake. Hiyo nyingine itaipasua."

Ananitazama, anamtazama mzee mwenye karakana. Mzee anatikisa kichwa kukubaliana nami.

Kabla ya kufunga naandika daftari: aina ya ganda, baruti na namba ya kopo lake, fataki, tarehe, na saini za wote wawili tuliomulika. Kila boksi linabeba namba hiyo hiyo. Risasi moja ikileta shaka uwanjani, tunajua ni maboksi yapi ya kuyarudisha, na tunawapigia simu wenyewe usiku huo huo.