Nilivyokawekea kalaptopu kangu coreboot, klipu ikanitoa jasho

Mwanzo wa yote ni kadi ya waifai. Kalaptopu kangu ni kale keusi ka inchi 12 ka mwaka 2012, i5 ya kizazi cha tatu, wenye nako mtakajua hata nisipokataja. Nilikanunua mtumba Kariakoo, kazima kabisa, kibodi tamu, ila kadi yake ilikuwa ya kizamani haioni 5GHz. Nikatafuta Intel 7260 ile fupi, nikachomeka, nawasha, mashine ikagoma kata kata, inaandika 1802 kadi hii haijaruhusiwa, zima uitoe. Yaani kadi yangu, mashine yangu, halafu kumbe humo ndani ya BIOS, ile programu ya kwanza kabisa kuamka ukiwasha mashine, kuna orodha inayonipangia nichomeke nini.

Fundi mmoja mshkaji wangu akasema kaka rudishia kadi ya zamani yaishe. Sikulala.

Ndo nikaangukia kwenye coreboot. Hii ni programu huria inayokaa kwenye chipu palepale inapokaa BIOS ya kiwandani, inaamsha RAM na vitu vya lazima tu, halafu inakabidhi kazi kwa mwenzake anayeitwa peiloadi, huyo ndo anatafuta diski na kuwasha Linux. Peiloadi mimi nilichukua inayoitwa SeaBIOS. Na sio kitu cha jana, Ron Minnich alikianzisha 1999 kwenye maabara ya Los Alamos kule Marekani kikiitwa LinuxBIOS, jina la coreboot likaja 2008, na kama ushawahi kushika Chromebook basi ushakitumia bila kujua.

Kukompaili, yaani kugeuza kodi yake iwe faili la kuweka kwenye chipu, nilifanyia kwenye mashine nyingine na hapo bando lilikata kweli, maana kwanza inashusha na kujenga kompaila yake yenyewe, masaa kadhaa mashine inapiga kelele kama jenereta. Ikafika mwisho, nikajenga coreboot yenyewe, ikakwama njiani inalalamika haioni kitu kinaitwa gnat. Kumbe ile sehemu ya kuwasha skrini imeandikwa kwa lugha ya Ada na mimi sikuwa nimeweka kompaila ya Ada, ndo hiyo gnat, kabla ya kuanza. Nikaweka, nikarudia kompaila yote upya, usiku mzima ukaisha hivyo.

Sasa kazi ya mikono. Unatoa betri, chaja, unafungua kibodi na lile bamba la kuwekea viganja, na kabetri ka saa nako unakachomoa, maana hutakiwi kuacha umeme wowote ndani. Hapo utaziona chipu mbili za BIOS zenye miguu minane minane, ya karibu na skrini ni MB 4, ya chini yake ni MB 8. Uzuri ni kwamba coreboot inaenea yote kwenye ile ya 4, kwa hiyo ya 8 niliisoma tu niwe na bekapu, kuandika sikuigusa. Watu wengi wanatumia kile kifaa cheusi cha bei chee cha kusomea na kuandikia chipu, CH341A, lakini kina tabia ya kupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu ni za 3.3, mimi nilikiogopa, nikatumia Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo, niliyokuwa nayo ndani, maana pini zake ni 3.3 tayari.

Klipu, kile kibanio kinachoshika miguu ya chipu na kuiunganisha na Pi kwa nyaya, ndo iliniliza. Inabidi ikae miguu yote minane kwa wakati mmoja, na ukiguswa bega kidogo imetoka. Mara ya kwanza flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, ikasema haioni chipu. Nikabana upya, haioni. Nikapangusa miguu ya chipu kwa spiriti na mswaki wa zamani, ikaona! Nikasoma mara tatu nikalinganisha kwa sha256sum, amri inayoonyesha kama mafaili yanafanana, na zote tatu zimetoka tofauti. Hapo ndo unatakiwa uwe na roho ngumu usiandike chochote, maana bekapu mbovu ni sawa na kutokuwa nayo. Nikaja kugundua nyaya zangu zilikuwa ndefu mno, karibu urefu wa rula, nikazikata zikawa kama kidole cha kati, spidi ya kusoma nikaishusha hadi 512 kwenye ile spispeed ya flashrom, nikasoma tena, tatu zote sawasawa. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akauliza baba nani, Simba wamefunga?

Faili la coreboot nililokompaili ni la MB 12, kwa chipu zote mbili, kwa hiyo nikakata MB 4 za mwisho kwa amri ya dd na skip=8, nikaziandika kwenye chipu ya 4. Dakika chache tu lakini ni ndefu hizo. Na katikati umeme ukakatika, hahaha, ila Pi ilikuwa kwenye pawabenki. Hata ingezimika isingekuwa msiba, chipu ukiiandika kwa nje hivi ukikosea unarudia tu, bekapu si unayo. Ikamaliza, VERIFIED.

Nikafunga juujuu bila skrubu, nikawasha. Skrini nyeusi. Sekunde zikapita nikaanza kuhesabu hasara, kumbe mara ya kwanza inajifunza RAM, inachelewa, baada ya hapo inakumbuka. Maandishi ya SeaBIOS yakatokea kwenye kona, kisha Debian yangu, ndo Linux ninayotumia, kama kawaida. Kadi mpya ipo, 5GHz inaonekana, hakuna 1802 wala nduguye.

Na sasa nikitaka kubadilisha kitu sifungui tena, naflashi, yaani naandika chipu, humohumo ndani ya Linux, naongeza tu iomem=relaxed wakati wa kuwasha ili Linux iniruhusu. Yule fundi juzi kaja na ka kwake kanagoma vilevile. Nimemwambia alete nyaya, zangu mtoto kashazichukua anaunganishia taa.